Mgomba mfupi bado ni mgomba, sasa Pluto je?

Jumamosi usiku nilikuwa Dunga na darubini yangu ya inchi 8, mawingu yakafunguka kidogo tukaipata Mshtarii, ile wengi mnaiita Jupita, na miezi yake minne imejipanga kando kama taa za wavuvi wa omena kule ziwani. Mama mmoja akaangalia mpaka laini ikaanza kunung'unika, halafu akanigeukia: "Mwalimu, sisi tulisoma sayari ziko tisa, mtoto wangu ananiambia nane. Hiyo moja mliipeleka wapi?"

Hiyo moja ni Pluto, na hatukuipeleka mahali, iko palepale, inazunguka jua kila miaka 248. Kilichobadilika ni hesabu yetu. Mwaka wa 1930 Clyde Tombaugh aliipata kule Arizona akilinganisha picha za anga za siku tofauti, kadoti kamoja kamesonga. Kumbe upana wake ni kilomita 2,377 hivi, hata mwezi wetu unaishinda. Halafu 2005 ikapatikana Eris, saizi karibu sawa na Pluto lakini nzito zaidi, na hapo ndio mjadala ukawaka, ama Eris iingie pamoja na zingine zote zitakazofuata, ama Pluto itoke.

Agosti 2006 wanaastronomia wakapiga kura Prague. Sayari izunguke jua, iwe na uzito wa kuifanya mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani vitu vingine vya njia hiyo viwe vidogo sana mbele yake. Hiyo ya tatu ndio iliangusha Pluto na watu huniambia ni uonevu, mimi sioni hivyo. Chukua vimawe vyote vinavyopita njia ya dunia, ukiacha mwezi wetu, uvirundike pamoja: dunia inalishinda hilo rundo uzito zaidi ya mara milioni moja. Pluto ukiifanyia hivyo, haifiki hata moja ya kumi ya rundo lake. Ceres nayo, ile iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, iliyapitia haya haya, ilipatikana 1801 ikaitwa sayari miaka mingi, mpaka wenzake wakajaa kwa njia ile ile ikatolewa.

Kinachonikera ni jina. Wanasema Pluto ni sayari kibete, halafu wanasema sayari kibete si sayari! Kwa Kiswahili hiyo haishuki kooni, mgomba mfupi bado ni mgomba na unazaa ndizi. Siku hiyo hiyo ya kura kulikuwa na pendekezo zile nane zipewe jina lao maalum ili vibete wabaki kwa familia, likakataliwa, na mimi ningekuwa na kura ningelipitisha. Mwaka wa 2015 chombo cha anga cha New Horizons kilipita karibu na Pluto tukaona milima ya barafu ya maji na uwanda mkubwa wa naitrojeni iliyoganda, inayosonga polepole. Kitu kina milima, kina hewa nyembamba, kina miezi mitano, na mtoto anafundishwa tu kwamba kilifukuzwa?

Nilimwambia mama mtoto wake yuko sawa, ni nane, lakini amuulize vibete anawajua wangapi. Akanipa simu nimwandikie: Pluto, Eris, Ceres, Makemake, Haumea. Haumea alinifanya niisome mara mbili, kisha akarudi nyuma ya laini aangalie Mshtarii tena.