Ziwa Halioshi Chumvi: Kwa Wanaoleta Boti za Pwani Kisumu

"Fundi, si boti sasa iko ziwani? Chumvi itajitoa yenyewe." Haitajitoa. Swali hili huja kwa simu, na anayeuliza huwa ameshalipa, ameshavuta boti kutoka Kilifi au Mtwapa hadi Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, na ameshawaita marafiki waje kupanda wekibodi, ule ubao wa kuvutwa na boti, Jumamosi. Basi nalijibu hapa mara moja, ili nikipigiwa tena nitume linki tu.

Chumvi iliyo juu ya bodi ya boti si tatizo, mvua moja ya Kisumu inaiondoa. Inayoua injini imejificha ndani: kwenye njia za maji ya kupoozea, nyuma ya themostati (ile vali inayofunguka injini ikipata joto), chini ya rangi kuzunguka vichwa vya bolti. Huko imekauka na kushikana na unga mweupe wa alumini iliyolika. Maji yakipita haraka huigusa juu juu na kuendelea na safari.

Na mara nyingi hata hayapiti. Injini ikiwa baridi themostati imefungwa, na maji mengi huchukua njia ya mkato kutoka nje bila kuzunguka vizuri kwenye silinda na kichwa. Mtu anawasha dakika tatu, anaona injini inakojoa vizuri pembeni, anazima, anatangaza kuwa ameosha. Ameosha bomba la mkojo.

Uoshaji wenyewe ni hivi. Toa propela. Shusha mguu wa injini kwenye pipa la lita 200 lenye maji ya mfereji, yasimame sentimita kumi hivi juu ya lile bamba lililo juu ya propela. Washa kwa mwendo wa chini kabisa, gia ikiwa huru. Subiri joto lipande hadi themostati ifunguke. Injini nyingi za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, hufungua kati ya digrii 50 na 60 hivi. Hapo ndipo uanze kuhesabu dakika kumi. Zima, acha ipoe kabisa, mwaga maji, jaza mapya, rudia. Boti iliyokaa baharini miaka kadhaa bila kuoshwa huhitaji mizunguko mitatu au minne kwa siku tofauti, kwa sababu chumvi kavu huyeyuka ikilowekwa.

Utajuaje imetosha? Tafuta kile kipima TDS kidogo cha mkononi, cha kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, ambacho watu hupimia maji ya kisima. Pima maji ya pipa kabla ya kuwasha, pima tena baada ya kuzima. Namba ikiruka juu, chumvi bado inatoka. Ikibaki karibu palepale kwa mizunguko miwili, pumzika.

Ukitumia masikio ya mpira, vile vikombe vinavyobana tundu za kuingizia maji, badala ya pipa, hakikisha mfereji una nguvu. Injini nyingi pia zina tundu la kuunganisha mpira wa maji, na kwa baadhi yake injini lazima iwe imezimwa. Soma kitabu chake. Usiwashe injini kavu "kidogo tu nisikie sauti": impela, lile gurudumu la pampu ya maji, ni mpira, hupozwa na maji hayohayo, na ikiungua vipande vyake huingia kwenye njia za maji na kuziba. Boti iliyonunuliwa badilisha impela bila kuuliza, kisha kila mwaka. Maji ya kina kifupi karibu na Kisumu yana mchanga na matope, na impela huisha mapema kuliko vile muuzaji alivyokuambia.

Zile dawa za chupa za kutoa chumvi sijashawishika kwamba zinashinda maji mengi na subira. Na kuna jambo ambalo vitabu hulipita kimya: hakuna uoshaji utakaokuonyesha unene wa chuma uliobaki ndani ya bloku. Fungua kifuniko cha themostati utazame. Ukikuta unga mweupe umejaa na kingo za alumini zimetafunwa, punguza bei au uondoke.

Sasa anodi. Hapa ndipo pananipandisha presha.

Boti ya baharini huja na anodi za zinki, zile bonge za kijivu kwenye mguu wa injini na kwenye mabano. Kazi yake ni kuliwa badala ya alumini ya injini. Ndani ya maji yasiyo na chumvi, zinki hujifunika utando mgumu na kuacha kufanya kazi. Inabaki nzima, safi, inapendeza. Halafu mwenye boti ananiambia kwa fahari, "Anodi zangu miaka miwili hazijaliwa hata kidogo." Ndugu yangu, anodi isiyoliwa haifanyi kazi. Kinacholiwa ni mguu wa injini.

Kwa boti itakayokaa ziwani moja kwa moja, anodi ya magnesi (magnesium) ndiyo yenye nguvu ya kutosha. Lakini usirudi nayo Pwani, kwa sababu kwenye chumvi huyeyuka upesi mno, na ikiisha injini inabaki bila kinga. Boti ya kuhamahama, leo Kisumu, Desemba Diani, ifungie anodi za alumini, zinafanya kazi pande zote mbili. Nasema anodi ya alumini ya dukani, ambayo imechanganywa na madini mengine ili isijifunike utando. Kipande kilichokatwa kwenye sufuria kuukuu si anodi, na ndiyo, huwa navikuta.

Kwangua pale anodi inapokaa mpaka chuma king'ae, funga, kisha pima kwa mita kati ya anodi na mguu wa injini: isomeke karibu na sifuri, chini ya omu moja. Usiipake rangi. Ikiliwa nusu, badilisha. Injini nyingi za stroki nne zina anodi nyingine ndogo ndani ya bloku, chini ya vifuniko vidogo, na hizo ndizo zinazosahauliwa.

Kusema kweli, boti inayolala kwenye trela na kugusa maji wikendi tu inaweza kukaa miaka na zinki bila madhara ya kuonekana. Ndiyo maana watu hudhani mafundi tunatafuta pesa. Inayolala majini ni habari nyingine.

Nyaya: kata sentimita chache mwisho wa waya, na ukiona shaba imekuwa nyeusi ndani ya ganda, ibadilishe yote, weka yenye nyuzi zilizopakwa bati. Trela: fungua beringi, osha, paka grisi mpya. Beringi zenye moto zikitumbukizwa majini hunyonya maji.

Kisha mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,135 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Naivasha, kwenye mita 1,890 hivi, hupoteza zaidi. Mpanda wekibodi ni mzigo mzito pale anapotoka majini. Propela ya pichi 19, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, iliyokuwa sawa Mombasa itakohoa hapa, jaribu 17. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kama 200 kwa dakika. Gesi ikiwa mwisho na injini haifiki mizunguko iliyoandikwa kitabuni, propela ni kubwa.

Maji ya kuchezea yawe tulivu, kina cha mita mbili au zaidi, na nafasi ya kuvuta moja kwa moja kwa kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Kwenye Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulio mbele ya Kisumu, hilo hupatikana asubuhi, wavuvi wa omena wakisharudi na upepo wa mchana haujaamka. Upande wa Mbita na Rusinga maji ni marefu kuliko mbele ya Kisumu, ambako magugu maji huhama na upepo na kuziba tundu za kuingizia maji. Waulize wavuvi nyavu ziko wapi na viboko wameonekana upande gani. Mpanda aanzie kwenye maji marefu, si kwenye matete, maana konokono wa kichocho hukaa ufukweni. Naivasha na Baringo maji yamepanda na kufunika miti na nguzo za seng'enge. Pita polepole kwanza. Baringo pia kuna mamba.

Na anayeuliza kuhusu Ziwa Nakuru: liko ndani ya hifadhi ya taifa, na magadi yake hutafuna alumini. Sahau.

Ukirudi nchi kavu, toa propela utazame shafti. Nyuzi za nyavu hujizungusha nyuma yake na kukata oili sili, ule mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia boksi. Fungua skrubu ya chini ya gia boksi: oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Badilisha sili, na oili mpya uijaze kutoka chini hadi itokee tundu la juu.