Miguu kuishiwa nguvu mlimani: maswali na majibu kwa waendesha baiskeli wa Kigoma

Ukitoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga, barabara inapanda, na wengi hufika juu magoti yakitetemeka. Mara nyingi kosa haliko kwenye miguu.

Kwa nini mapaja yanawaka moto kabla sijafika hata nusu ya mlima?

Umeanza kwa nguvu mno. Kwenye tambarare moyo na mapafu huwahi kuipelekea misuli oksijeni. Mlimani mahitaji hupanda ghafla, oksijeni haitoshi, na misuli huanza kuchoma sukari kwa njia ya haraka inayoacha tindikali nyingi ndani yake. Ukipunguza mwendo, moto huo hupoa baada ya dakika chache. Kwa hiyo endesha taratibu dakika 10 kabla ya kupanda, kisha uanze mlima polepole kuliko miguu inavyotaka. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, umezidisha.

Maumivu ya kesho yake ni jambo jingine: nyuzi za misuli zimechanika kidogo kidogo. Huisha zenyewe baada ya siku chache.

Siti iwe juu kiasi gani?

Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Watu huishusha siti ili miguu yote miwili ifike chini wakisimama. Goti likikunjwa mno, paja linabeba kazi yote na mbele ya goti huanza kuuma.

Egemeza baiskeli ukutani, kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiwa safarini kanyagia sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole. Goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kama siti iko chini, legeza nati kwa spana, pandisha sentimita 1, endesha siku mbili tatu, upime tena. Nyuma ya goti kukianza kuuma, imezidi. Bomba la siti lisivutwe kupita alama yake ya mwisho, litavunjika.

Baiskeli yangu haina gia. Nifanyeje?

Mwambie fundi abadilishe friwili, yaani duara la meno la gurudumu la nyuma. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali huzungusha gurudumu mara 2.44. Ukifunga friwili ya meno 22, inakuwa mara 2, na pedali inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 18. Kwenye tambarare utakwenda polepole zaidi, na huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa pingili.

Mwenye gia aishushe kabla mlima haujaanza. Mnyororo uliokazwa hubadilika kwa shida.

Na mzigo?

Dumu la mawese la lita 20 lina takriban kilo 18. Mtu wa kilo 65 kwenye baiskeli ya kilo 20 akilibeba, kazi ya kupanda huongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Lifunge karibu na siti, si mwisho wa keria, la sivyo gurudumu la mbele litaelea. Jaza upepo vizuri, hakikisha breki hazigusi ringi. Mnyororo upake oili nyepesi na ufute inayozidi. Mawese hayafai, yananasa vumbi.

Penye mwinuko mkali shuka usukume. Hakuna aibu.

Nile na ninywe nini?

Ndizi, viazi vitamu au ugali, muda wa saa 2 hivi kabla ya safari. Maji kidogo kidogo, karibu nusu lita kila saa, zaidi jua likiwaka.

Nikimeza dawa ya maumivu ili niendelee?

Usifanye hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuumiza figo mwili ukiwa umepungukiwa maji, tena zinaficha onyo la goti.

Uchovu gani unataka hospitali?

Mlima uliouzoea ukikushinda ghafla kwa siku kadhaa, kapime malaria na wingi wa damu, hasa ukiwa mjamzito. Ukiwa na homa usipande kabisa. Kifua kubana, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, au mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi: acha baiskeli ulipo, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.