Maneno Wanayoyaelewa Wajapani na Maneno Wanayoweza Kuyatumia

Nikiulizwa mwanafunzi fulani anajua maneno mangapi ya Kiingereza, hutaka kwanza kujua ni ujuzi upi unaoulizwa. Msamiati pokezi ni maneno tunayoyaelewa tunaposoma au kusikiliza. Msamiati zalishi ni yale tunayoweza kuyatoa wenyewe tunapoandika au kuzungumza.

Mwaka 2008 Stuart Webb, mtafiti wa ujifunzaji wa msamiati, alichapisha utafiti uliowapima wanafunzi wa Kijapani wa chuo kikuu kwa tafsiri, mara kutoka Kiingereza kwenda Kijapani, mara kinyume chake. Kwa jumla msamiati pokezi ulikuwa mkubwa zaidi, na pengo lilipanuka kadiri maneno yalivyozidi kuwa adimu. Hata hivyo, matokeo ninayoyathamini zaidi ni mengine: majibu yaliyoonyesha ujuzi wa sehemu yalipopewa alama, ujuzi wa aina zote mbili ulikaribiana katika maneno yanayotumika sana. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyeandika "recieve" badala ya "receive" amekwisha kulipata neno, ila umbo lake halijakamilika, na sifuri anayopewa inamdhulumu.

Mazoezi nayo yana mchango wake. Vitabu vingi vya maneno nchini Japani huchapa maana ya Kijapani kwa wino mwekundu, na mwanafunzi huweka juu yake karatasi ya plastiki nyekundu inayoufanya wino huo usionekane. Hutazama neno la Kiingereza, hukumbuka maana, kisha huinua karatasi kuhakikisha. Akirudia hivyo miaka kadhaa, anakuwa hodari wa kutambua, lakini hajajizoeza kutoka kwenye maana kulitafuta neno. Mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, ulioanza mwaka 2021, unaunga mkono mwelekeo huo kwa kupima, katika Kiingereza, kusoma na kusikiliza tu, ilhali mtaala mpya umeongeza mzigo: shule ya msingi maneno 600 hadi 700, sekondari ya chini mengine 1,600 hadi 1,800, na sekondari ya juu 1,800 hadi 2,500 zaidi.

Je, dawa ni kuwaandikisha sentensi tu? Webb huyohuyo, mwaka 2005, aliona kwamba muda ukiwa sawa, kusoma neno ndani ya sentensi kulifundisha zaidi kuliko kutunga sentensi. Kutunga kulishinda pale wanafunzi walipopewa muda wote ambao kazi hiyo inauhitaji. Kwa hiyo mwalimu mwenye dakika chache darasani awape wanafunzi sentensi wazisome, na utungaji aupeleke nyumbani, ambako hakuna anayemharakisha mwanafunzi.