Dhoruba moja, roboti mbili

Kazi yangu ni mifumo ya umeme ya vyombo vya angani, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kwa nini wasiweke sola tu, yakaisha? Huwa najibu kwa kisa cha Mirihi, Juni 2018.

Roboti ya NASA iitwayo Opportunity ilikuwa huko tangu Januari 2004, ikitegemea paneli za sola na betri za lithiamu. Ilipangiwa siku 90 tu, ikadumu zaidi ya miaka 14, kwa kuwa upepo ulikuwa ukizipangusa paneli zake mara kwa mara. (Mwenye sola juu ya bati pale Dodoma anajua vumbi linavyokula umeme.) Ndipo ikaja dhoruba iliyofunika sayari nzima. Umeme wa siku ukaporomoka kutoka wati-saa 645 hadi 22, na baada ya tarehe 10 Juni hatukuisikia tena. Umeme ukikatika, vipasha joto navyo huzimika, na usiku wa Mirihi hauna huruma kwa betri.

Roboti ya pili, Curiosity, ndani ya dhoruba ile ile, iliendelea na kazi. Imebeba mgongoni kilo 4.8 za oksidi ya plutoni-238, metali yenye mionzi. Humo hamna kinu cha nyuklia wala kitu kinachozunguka. Plutoni huoza yenyewe, yaani atomi zake huvunjika polepole, ikitoa joto la wati 2,000 hivi. Vipande vya semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi), upande mmoja moto na mwingine baridi, huligeuza kuwa umeme. Mwanzoni ulikuwa takriban wati 110. Kidogo mno! Lakini sehemu ya joto linalobaki huzungushwa kwa mabomba kuupasha mwili wa roboti. Betri nazo zimo, maana kutembea na kutoboa mwamba hutaka zaidi ya hizo 110.

Pamoja na hayo, mimi ningechagua sola kwanza. Plutoni-238 haichimbwi, hutengenezwa polepole, kwa gharama kubwa, na nguvu yake hupungua. Vyombo viwili vya Voyager, navyo vya plutoni, viliondoka Duniani 1977 na wati 470 hivi kila kimoja. Hupoteza kama wati 4 kwa mwaka, ndiyo maana vifaa vyake vinazimwa kimoja kimoja.

Juno, chombo kingine cha NASA, kwa upande wake, ilifika sayari ya Mshtarii 2016 kwa sola, mahali ambapo mwanga wa Jua ni hafifu mara 25 kuliko hapa kwetu. Paneli zake tatu, ambazo karibu na Dunia zingetoa kilowati 14, huko zilitoa wati 500 hivi, na zilitosha. Kilichowatisha wahandisi ni kivuli: mwaka 2019 iliwasha injini zake ndogo kwa saa 10 na nusu ili kukwepa saa 12 za giza nyuma ya Mshtarii, ambazo zingezimaliza betri.