Unanunua RAV4, Dualis au X-Trail iliyotumika? Usidanganywe na namba D: tunayoaminishwa Kigoma na ukweli wake

Ndugu zangu wa Kigoma, na nyie wa Tabora pia maana barabara yetu ni moja, kila mwezi kuna mtu ananiomba nimsindikize kuangalia gari, na karibu wote wanataka hizi gari za juu ndogo ndogo, RAV4, Dualis, X-Trail, Rush, Juke. Naelewa kabisa kwa nini. Ukiacha lami kidogo tu kwenda shamba unakutana na makorongo, na mvua zikianza mwezi wa 11 mpaka wa 4 huko ndani kigari cha chini kinakwama mchana kweupe. Kinachoniuma ni vile watu wanavyokagua. Mtu ana milioni zake alizozitafuta kwa dagaa na mgebuka miaka mitano, anafika anaangalia namba, anaangalia rangi, anapiga teke tairi, anasoma kilomita, anatoa hela. Vitu vyote hivyo vinne sijawahi kuona vimemlaza mtu porini. Vinavyolaza watu ni maji ya injini, giaboksi, na vile vya chini ya gari ambavyo hakuinama kuviona.

Najua kwa sababu nililala mimi mwenyewe. Niliinunua Dar, namba D, inang'aa, nikapita Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, nafika Kaliua nafurahi kabisa kwamba nimepata gari, kabla sijafika daraja la Malagarasi mshale wa joto ukapanda ghafla na moshi mweupe nyuma. Hedi, ile sehemu ya juu ya injini, ilikuwa imepinda. Mke wangu na mtoto tulilala ndani ya gari mpaka lori likatuvuta asubuhi.

"Hii ni namba D bwana, bado mpya"

Hii ndo inayoongoza. Herufi ya kwenye namba inakuambia gari ilisajiliwa Tanzania kwa mfuatano gani, basi. Haisemi ilitengenezwa lini. Gari ya 2004 inaweza kushushwa bandarini juzi ikapewa namba E, na gari ya 2009 iliyoingia mapema ikawa na namba C, sasa niambie mpya ni ipi hapo? Na madalali wanalijua hilo, ndo maana bei inapanda kwa herufi.

Mwaka wa kutengenezwa unausoma kwenye kadi ya gari, halafu uuthibitishe kwenye gari yenyewe. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, kwa chini kwenye mshono mara nyingi kuna kitambaa kidogo kina tarehe ya kutengenezwa. Vioo navyo vina alama. Usijisumbue kuutafuta mwaka ndani ya namba ya chasisi, gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya herufi 17, zina kodi ya modeli (yaani code, kama T31 au ACA31) na namba ya mfuatano tu, mwaka haumo. Ila ile kodi ya modeli ina kazi nyingine kubwa, nakuja nayo.

"Kilomita zake chache, elfu 80 tu"

Kilomita zinarudishwa nyuma, hilo tunalijua wote, ila watu bado wanazisoma kama Msahafu. Angalia raba ya pedali ya breki, ngozi ya stelingi, upande wa siti ya dereva anaposugua akishuka. Raba imelika mpaka chuma kinaonekana halafu dashibodi inasema elfu 80, hapo kuna mtu anadanganya. Kama gari ndo imetoka Japani dai karatasi ya mnada, ina kilomita na ina gredi, ukiona gredi R ujue iliwahi kupata ajali ikatengenezwa.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii. Hata kilomita za kweli za Dar sio sawa na kilomita za huku. Gari iliyokaa foleni ya Dar saa mbili asubuhi na saa mbili jioni injini imezunguka masaa mengi sana kwa kilomita kidogo, na giaboksi imepikwa kwenye joto bila upepo. Kwa hiyo ile imani kwamba gari ya Dar imetunzwa na ya Kigoma imechoka, mimi sikubaliani nayo jumla jumla. Ya Kigoma imepigwa vumbi na mitikisiko, angalia bushi, bol joint, shokapu, fungua uone filta ya hewa. Ya Dar angalia injini, giaboksi na kutu ya chumvi ya bahari chini. (Mtu mmoja Kibirizi aliniambia hanunui gari la hapa kwa sababu ziwa linaleta kutu. Jamani, Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya kula bodi kama bahari.)

"Nchi yetu ya joto, themostati haina kazi, itoe"

Hapa naomba mnisome taratibu kwa sababu hii ndo iliyonilaza. Mafundi wengi tu wanaitoa na kuitupa. Wanasema ni kitu cha wazungu wa kwenye barafu. Sio kweli. Themostati ni vali, nyingi kwenye hizi gari zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifanya injini ipate joto lake haraka halafu ibaki pale pale. Ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani ndo kwanza imewashwa inaongeza mafuta, gari inakunywa, oili inachafuka mapema, na injini inalika.

Lakini cha kukutisha wewe mnunuzi sio huo ulaji wa mafuta. Jiulize kwa nini ilitolewa. Mara nyingi ni kwamba gari ilikuwa inachemsha tayari, rejeta imeziba au feni imekufa, fundi akatoa themostati ili maji yakimbie, ugonjwa ukajificha. Mjini haichemshi. Ukiipakia watu watano na mizigo ukaipandisha milima ya Manyovu, au ukaikimbiza kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar na AC imewashwa, ndo inajitaja.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kabisa asiiwashe mpaka ufike. Ukikuta boneti ya moto, rudi kesho. Ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta (ya moto usifungue, itakuunguza uso), maji yakiwa ya kahawia yenye kutu hiyo imewekewa maji ya bomba miaka, na hizi injini ni aluminiamu, zinataka kulanti, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Ukiona mafuta mafuta juu ya maji, au chini ya mfuniko wa oili kuna kitu kama maziwa ya mgando, funga boneti uage. Halafu iwashe, iache mpaka feni iwake yenyewe na izime yenyewe, simama hapo hapo usikubali kuitwa kwenye soda. Kisha iendeshe. Sisi Kigoma tumejaliwa kipimo, anzia stesheni ya reli chini panda Lumumba mpaka Mwanga, AC imewashwa, rudia mara mbili tatu. Kama una kale kamashine ka kuchomeka chini ya stelingi kanakosoma kwenye simu, angalia joto: gari yenye themostati nzima inabaki palepale ukipanda na ukiteremka, isiyo nayo ukiteremka joto linaporomoka.

"Toyota haifi, Nissan zote mbovu"

Inategemea injini, sio nembo. RAV4 ya kizazi cha pili nyingi zilizotoka Japani zina injini ya 1AZ-FSE, ile tunayoiita D4, inanyunyiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, inajaza masizi, ikianza kutetemeka ikiwa imesimama jiandae, na pampu yake ya presha sio bei ya kucheka nayo. Injini za familia hiyo ya AZ za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana pia kwa nyuzi za bolti za hedi kung'oka kwenye bloku, maji yanavuja nyuma ya injini pasipoonekana. Dualis yenye MR20 kwa upande wake injini yake ni ya kawaida tu na inavumilia ikifanyiwa sevisi. Kwenye Dualis kesi ni giaboksi.

"Oili ya giaboksi ni ile ile, nyekundu"

Aisee hii imeua gari nyingi kuliko ajali. Dualis, X-Trail T31 na Juke nyingi zina giaboksi ya CVT, haina gia za hatua, ina mkanda wa chuma unaobana kwenye puli mbili, na ule mkanda unashika kwa sababu ya oili yake maalumu. Dualis na T31 zinataka oili ya NS-2. Ukimwagia ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi za gia, mkanda unateleza, unachana puli, kwisha. Na wengi hawajui kwamba RAV4 ya ACA31 na Vanguard ya 2400 za Japani nazo ni CVT, mtu anamwaga oili yoyote akijua ana Toyota.

Muulize mwenye gari aliweka oili gani na lini, mafundi wanaojua wanashauri kila kilomita 40,000 mpaka 60,000. Akijibu "hii haibadilishwi maisha" umeshapata jibu. Kwenye kuijaribu, weka D ukiwa umekanyaga breki, halafu R, isichelewe wala kupiga kishindo. Kwenye spidi ndogo kati ya 20 na 40 sikiliza kama inatetemeka, kwenye mlima sikiliza kama injini inalia juu halafu gari haiendi.

"Gari ya juu, lazima ni fo wili"

Hapana, na ndo nilisema nitarudi kwenye kodi ya modeli. Dualis J10 ni ya kuvuta mbele tu, NJ10 ndo fo wili, inayovuta matairi yote manne. X-Trail T31 tupu na NT31, hivyo hivyo. RAV4 ZCA26 ya 1800 inavuta mbele, ACA21 ni fo wili. Juke YF15 inavuta mbele, NF15 ni fo wili, Rush J200 inavuta nyuma tu, J210 ndo fo wili. Kama huamini karatasi inama uchungulie, fo wili ina propela shafti inayokwenda mpaka difu ya nyuma (ila kwa Rush kipimo hiki hakifai, hata ile ya kuvuta nyuma inayo). Na usiishie hapo, wapo wanaoitoa ile propela ikiharibika wanaacha kitufe kwenye dashibodi kama pambo. Tena kwenye fo wili matairi mapya mawili mbele na makuukuu nyuma, au saizi tofauti, ni hasara, mfumo unadhani gari inateleza muda wote. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Buti usilisahau. Nyanyua kapeti unuse. Huku kwetu hizi gari zinabeba mawese, dumu la lita 20 ni kama kilo 18, yakiwa ishirini ni kilo 360 hata abiria hujaweka, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Ukiikuta, shokapu na springi za nyuma zihesabie kwenye bei.

"Taa ya cheki injini haiwaki, iko safi"

Washa swichi bila kuwasha injini, ile taa LAZIMA iwake halafu izime baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa imezibwa au imetolewa. Na injini iliyooshwa ikang'aa mi ndo naiogopa zaidi, endesha nusu saa halafu uiangalie tena inapovuja.

"Kadi ipo, tutabadilisha jina baadae"

Baadae ndo hamna. Dai kadi halisi, sio picha ya WhatsApp, linganisha namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake, sio "ni ya shemeji yuko Mwanza". Gari yenye namba za Burundi inayouzwa kwa bei ya huruma, mpaka ushuru ulipwe TRA na isajiliwe huku, hujanunua gari, umenunua kesi. Mimi siku hizi namwambia mtu abakize sehemu ya hela mkononi, waandikishane mkataba kwa wakili, waongozane mpaka TRA na TIN zao, ombi la kubadilisha jina likishapokelewa ndo amalizie.