Tela halichemshi gari: yanayosemwa Kitonga na yanayotokea ndani ya injini

Pikapu ya dizeli inaweza kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni mshale wa joto ukiwa umetulia, ikaanza kuupanda mlima Kitonga na tela la mbolea, na baada ya kona chache mshale ukawa unanyemelea alama nyekundu. Pembeni ya barabara hapakosi wa kutoa hukumu, na hukumu ya kwanza huwa ile ile: tela ni zito.

Kama tela halijavuka uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, hukumu hiyo si sahihi. Gari liliundwa kuvuta mzigo huo bila kuchemka. Mfumo wa kupoza ulishachoka zamani, ila barabara ya tambarare haikuwahi kuudai. Chukua pikapu na tela vyenye jumla ya tani 4, kwenye mwinuko unaopanda mita 7 kwa kila mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kuupandisha uzito huo peke yake kunataka takriban kilowati 30. Kwa kilomita 60, takriban 46. Joto linaloingia kwenye maji ya rejeta nalo hupanda pamoja na kazi hiyo. Rejeta iliyoziba baadhi ya mirija yake humudu safari ya gari tupu. Safari hii ya mlimani na tela haiimudu.

"Likichemka, gasketi imeungua."

Kauli hii imekula fedha za watu wengi, maana silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini, chenye gasketi hiyo chini yake) hufunguliwa kabla mtu hajauliza swali ambalo ni la bure: linachemka wakati gani?

Likichemka kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, anza na feni. Zima injini ingali ya moto, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikijizungukia kiwepesi bila kukazana, klachi yake, yaani kiungo kinachoifanya izunguke na injini, imekufa na feni haivuti hewa ya kutosha. Tazama pia kama kava la feni lipo. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele hurudi barabarani bila kava, na feni inabaki kunyonya hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Likiwa halichemki kwenye foleni lakini linachemka kwa mwendo mkubwa au mlimani, tafuta kizuizi. Chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta: matope, wadudu na mbegu za nyasi hujikusanya hapo bila kuonekana kwa mbele. Mrija wa mpira wa chini unaweza kunyonywa ukajibana injini inapokazana. Mkanda wa pampu ya maji unaweza kuteleza. Na zile taa kubwa zilizopangwa mbele ya grili huzuia upepo, ingawa mwenye gari hapendi kuambiwa.

Gasketi ina dalili zake: mirija ya maji inakuwa migumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi, viputo havikomi kwenye mdomo wa rejeta, maji yanapungua na chini hakuna tone. Fundi makini ana dawa ya buluu ya kupimia mvuke wa rejeta. Moshi wa injini ukiwemo, dawa inabadilika rangi. Ni kazi ya dakika chache. Anayetaka kufungua hedi bila kipimo hicho, mwombe asubiri.

"Toa themostati, injini ipumue."

Kwenye injini nyingi themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, hufanya kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa. Badala ya kuitupa, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uyachemshe. Imeandikwa nyuzi zake, mara nyingi 82 au 88. Isipofunguka maji yakichemka, nunua nyingine.

"Kulanti hupoza kuliko maji."

La. Maji matupu hubeba joto vizuri zaidi. Kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka: nusu kwa nusu, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, na kifuniko kizima cha rejeta chenye alama ya 1.1 (kipimo cha shinikizo kinaloshikilia) kinausukuma kupita 120. Sasa fikiria gari lenye maji ya kisima na kifuniko chenye mpira uliokauka. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu na nyuzi 95. Hapo injini haijavuka hata joto lake la kawaida la kazi, na maji yanatokota. Chumvi ya kisima nayo inaganda ndani ya mirija.

"Panda na gia kubwa, injini isilie."

Pampu ya maji, na feni ya klachi, huzungushwa na injini: ikizunguka polepole kwa gia kubwa, nazo huzunguka polepole. Shusha gia, kisha punguza mwendo. Kwa otomatiki, zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa).

"Mshale uko katikati, tuko salama."

Kwenye magari mengi ya kisasa mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi kadhaa. Ukianza kusogea, mambo yameshaharibika. Na maji yakiisha, kihisi kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka. Ukishuka ghafla mlimani, simama na uzime injini.

Ukiona mshale unapanda taratibu na maji bado yapo, zima AC na ufungulie hita hadi mwisho, joto la Ruaha lisikutishe: hita ni rejeta ndogo ya pili. Simama penye nafasi, weka mawe nyuma ya matairi ya tela, iache injini iungurume juu kidogo ya sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta) na utazame mshale. Ukigoma kushuka, au mvuke ukitoka, zima. Kifuniko usikiguse mpaka mrija wa juu uweze kuushika na kuubonyeza.