Hicho si kirusi, mwalimu

Juzi printa yangu iliishiwa wino katikati ya kazi. Kijana aliyekuwa akisubiri barua yake ya maombi akaiangalia karatasi iliyotoka nusu nyeupe, akanihurumia: "Pole kaka, printa imeingiwa na virusi." Nikanyamaza. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mzee mmoja wa Ujiji alikuwa ameniletea chaja ya simu akisema ina virusi. Chaja! Waya ulikuwa umekatika shingoni, pale panapokunjwa kila siku. Nina miaka kwenye steshenari hii ya Mwanga, hapa Kigoma, na neno hilo nimelizoea kama vumbi la Julai, ila la chaja limenishinda.

Maana yake ni fupi. Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu, ambayo ikiendeshwa hujinakili na kujipachika ndani ya programu au faili nyingine, ili na hiyo ikifunguliwa iambukize zaidi. Ni programu, inajinakili, inahitaji mwenyeji wa kujishikiza. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, tafuta jina lingine. Waya uliokatika hauna hata kimoja.

Sasa neno lenyewe, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Kwenye Kilatini cha kale, virus lilikuwa na maana ya sumu, au ute unaonuka. Baadaye waganga wakalitumia kwa chochote kinachoambukiza, hadi tumbaku ilipolipa maana mpya. Mwaka 1892 mtaalamu Mrusi, Dmitri Ivanovsky, alikuwa akichunguza majani ya tumbaku yaliyopata mabaka. Akayakamua, akaupitisha utomvu kwenye chujio la kauri lenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Utomvu uliochujwa ukaendelea kuambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia kazi hiyo, akaona hapa pana kitu kingine kabisa, akakiita kwa lile neno la Kilatini. Kwa hiyo ukipanda treni kwenda Tabora ukapita Kaliua na Urambo, kwenye nchi ya tumbaku, jua kwamba ni zao lile lile lililolipa maana mpya neno tunaloisingizia printa. Na kabla hujaniuliza: kuwa yule alikuwa Mrusi na kitu chenyewe ni kirusi ni bahati tu ya sauti. Nimeshaambiwa hapa dukani, kwa uhakika kabisa, kwamba vinaitwa virusi kwa sababu vinatengenezwa Urusi. Hapana.

Umoja huo, kirusi, tumeutengeneza wenyewe. Neno lilipoingia likawa virusi, na sikio la Mswahili likisikia vi- mwanzoni linajua huo ni wingi. Basi umoja wake ukawa kirusi, kama vitu na kitu. Ndivyo tulivyofanya na kipilefti: Kiingereza cha kuwaamuru madereva wakae kushoto kimegeuka kuwa kipilefti kimoja, vipilefti viwili, na hakuna anayeona ajabu. Madigadi nayo, ile mudguard ya Kiingereza, silabi ya kwanza ikachukuliwa kuwa ma- ya wingi, ikazaliwa digadi moja. Mimi naipenda sana tabia hii ya lugha yetu. Mgeni hakai sebuleni muda mrefu, anapewa jembe.

Lakini ukimpa jembe, mpe na upatanisho wake. Virusi vimeingia, si "virusi wameingia". Najua wanaosema "wameingia" wanafikiria wadudu, na wengine husema wadudu moja kwa moja: "simu yangu ina wadudu". Hapo wanachanganya jambo la pili, kwa sababu hata Waingereza wana mdudu wao wa kompyuta, na huyo ni kosa la mwandishi wa programu, asiyetaka kumdhuru mtu. Alikosea tu, kama fundi aliyepinda msumari. Kirusi hakitokei kwa bahati mbaya. Mtu alikaa akakiandika.

Tanzania hatukulijua neno hili kwa kompyuta. Tulilijua kwa virusi vya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mwaka huo huo, mwezi Novemba, kule Marekani mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, Fred Cohen, aliwaonyesha wenzake darasani programu ndogo inayojipachika kwenye programu nyingine. Katika kila jaribio ilitwaa mamlaka yote ya kompyuta kabla ya saa moja kwisha. Mwalimu wake, Len Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Programu za kujisambaza zilikuwepo kabla yake. Mwaka 1971 Creeper ilikuwa ikihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini haikuitwa kirusi. Kisha mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, wakatoa kirusi kilichoitwa Brain, kilichosambaa kwa diski laini, na ndani yake waliandika jina, anwani na namba yao ya simu. Siku hizi hakuna mwandishi wa kirusi mwenye adabu hiyo.

Kwa sababu ya historia yetu, neno lilikuja na hofu yake. Kuna mama aliwahi kusubiri wateja wote waondoke, akasogea kaunta, akaninong'oneza: "Mwanangu, ile simu ya baba yako… wamesema ina virusi." Kwa sauti ya kutoa siri ya familia. Tangu siku hiyo sicheki mtu.

Ila kuna tofauti inayoniudhi zaidi ya upatanisho. Vingi tunavyoviita virusi, hata vile vya kweli vya kudhuru, si virusi. Kuna mnyoo. Mnyoo hajipachiki kwenye faili ya mtu. Anatembea mzima mzima, anajinakili toka mashine hadi mashine. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, aliachia wa kwake kwenye intaneti ya enzi hizo. Inakadiriwa mnyoo huyo alifikia mashine kama 6,000 kati ya 60,000 hivi zilizokuwepo, na hakufuta faili hata moja. Alijinakili mno tu, zikalemewa. Kuna na farasi wa Troya, ambaye hajisambazi hata kidogo: ni ile programu iliyokuahidi bando la bure, ukaipakua mwenyewe, ukaiweka kwenye simu, ukaikubalia kusoma meseji zako. Huyo hakukuambukiza. Ulimfungulia mlango ukamkaribisha na uji. Hata hiyo antivirusi uliyonunua, kwa jina lake, leo inakamata zaidi hawa wengine kuliko virusi vyenyewe.

Tuchukue flashi moja. Aliileta mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya msingi, mtihani wa darasa la saba umo ndani, na fundi mwingine alishamwambia dawa ni kufomati, yaani kufuta kila kitu. Nikaichomeka. Folda yake ilionekana, lakini kwenye kona ina kimshale kidogo na ukubwa wake ni KB 2. Mtihani mzima wenye picha, KB 2! Nikatazama flashi yenyewe: imejaa nusu. Maana yake kazi ya mwalimu haijaenda popote, imefichwa. Kile anachokiona si folda, ni njia ya mkato. Akibofya mara mbili anamwendesha mnyoo kwanza, kisha folda halisi inafunguka kama kawaida ili asishtuke, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta ile inapata nakala. Nikaandika amri ya mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Hiyo G ni herufi ya flashi, kwako inaweza kuwa E au F. Folda zote zikajitokeza. Nikafuta vimshale na faili ya mnyoo, mtihani ukabaki. Angemsikiliza yule fundi, angetunga maswali upya. Ndiyo maana jina linanihangaisha. Mtu akishasema "virusi", mkono wa fundi unakwenda wenyewe kwenye kufomati au kupiga Windows upya, na kazi ya mtu inaenda na maji. Tulikuwa hivyo na homa. Kila homa ilikuwa malaria, mtu anameza dawa za malaria kwa jino lililooza, mpaka vilipokuja vile vipimo vya kutoboa kidole.

Mwezi uliopita mwalimu amerudi, safari hii na laptopu. "Inaganda. Nadhani virusi wamerudi." Nikaiwasha, tukasikiliza wote wawili: feni inaunguruma kama injini ya boti ya Kibirizi. Nikafungua mgongo wake. Kati ya feni na vile vyuma vyembamba vya kupozea palikuwa na tandiko la vumbi, zito kama kipande cha blanketi, unaweza kulinyanyua kwa vidole. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata joto hujipunguzia kasi isiungue, na kwa macho ya mwenye mashine hiyo ndiyo kuganda. Nikalitoa, nikapuliza, nikafunga. Ikawaka kimya.

"Kwa hiyo virusi wametoka?"

"Vumbi limetoka, mwalimu." Nikamwomba siku nyingine akija aniambie tu mashine inafanya nini: inazima, inapiga kelele, faili hazionekani. Jina la ugonjwa aniachie mimi. Akakubali, akalipa, akaiweka laptopu kwenye begi. Alipofika mlangoni nikashindwa kujizuia.

"Na siku vikiwa virusi kweli, mwalimu, ni vimetoka."